Stendi ya pembeni kwa pikipiki ya zamani: pima ikiwa chini

Ukitaka kuifungia BSA au Triumph ya zamani, pikipiki za Uingereza, stendi ya pembeni, usipime ikiwa juu ya stendi ya katikati. Ishushe, magurudumu yote mawili yakanyage sakafu, mwenzako aiinamishe kushoto, ndipo upime toka fremu hadi chini. Stendi ikiwa ndefu, pikipiki husimama wima mno, na upepo wa kusi ukivuma inaangukia upande wa pili.

Kabla ya kukaza bolti, kunja stendi kisha ukanyage breki. Pikipiki nyingi za Uingereza za kabla ya 1975 zina breki ya mguu upande wa kushoto, na hapo ndipo vyuma hugongana. Stendi ikifunguliwa, springi lazima ivuke pini ambayo stendi huzungukia na kuvutia upande wa pili, la sivyo itajikunja yenyewe.

Mimi napendelea klampu inayolingana na bomba la fremu kuliko kuchomelea stendi, maana fremu kama hizo hazipatikani tena. Ila Mombasa hii chumvi ya bahari haisamehi: paka rangi bomba kwanza, na pini itie grisi mara kwa mara. Kwenye feri ya Likoni, ishike pikipiki mwenyewe.