Ndugu yako kapelekwa Isanga? Anza hivi, na usimpe mtu hela

Binamu yangu yuko gereza la Isanga, Dodoma, mwaka wa sita huu, kwa hiyo hapa siongei vya kusikia. Simu ikiingia usiku kwamba ndugu yenu kahamishiwa Dodoma nyumba nzima inavurugika, mama analia, mjomba anaanza kutafuta mtu anayemjua mtu, na hapo ndo hela zinapoanza kupotea. Tulieni kwanza.

Uliza hivi: Isanga ipi? Maana huku Isanga ziko mbili na wageni wengi wanazichanganya, anashuka stendi ya Nanenane anamwambia bodaboda "nipeleke Isanga" halafu anajikuta kwenye geti lisilo lake. Kuna Gereza Kuu Isanga, lile la ulinzi mkali, wako wafungwa wa vifungo virefu na waliohukumiwa kunyongwa. Na kuna Taasisi ya Isanga ambayo iko chini ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, hii ni ya watu wenye kesi ila akili haiko sawa. Mahakama ikiona mshtakiwa huenda hakuwa na akili timamu siku ya tukio inaweza kuagiza apelekwe kupimwa, na sheria inataka ripoti ya daktari iandikwe ndani ya siku 42. Kwa hiyo kama kesi imesimama ghafla na mtu kaletwa Dodoma kutoka huko Kigoma au Songea usianze kuomboleza kwamba kafungwa, huenda yuko kwa madaktari tu. Kuna ambao mahakama inasema kweli alitenda lakini hakuwa na akili timamu, hao wanabaki huko kama wagonjwa, na familia nyingi zikisikia hivyo zinaona kesi imeisha, wanamsahau. Usimsahau, maana akipata nafuu atahitaji ndugu wa kumpokea. Mirembe ipo tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1920, na utani wa "wahi Mirembe" nchi nzima tunautumia, ila ukishakuwa na mtu wako huko hauchekeshi tena.

Haya, karatasi. Andika namba ya kesi, mahakama iliyohukumu, tarehe ya hukumu, na jina lake kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka sio kama mnavyomwita nyumbani. Sisi binamu tunamwita kwa jina la babu, kwenye hati kuna la ubatizo tena herufi imekosewa, safari ya kwanza tulipigwa na vumbi na upepo wa Dodoma pale nje zaidi ya saa mbili kumbe mtu yupo ila kwa jina hilo hayupo. Beba kitambulisho, cha NIDA ndo bora. Simu hauingii nayo. Siku za kuona wageni uliza kabla hujakata tiketi, na uliza pia kama vitu unavyotaka kumpelekea vinapokelewa, maana mahabusu na mfungwa taratibu zao hazifanani. Getini ni shikamoo afande, basi, usijifanye unajua sheria. Mkikaa kuongea askari yupo hapo anasikia, barua nazo zinasomwa, kwa hiyo mambo nyeti ya kesi mwachie wakili, yeye ndo anaruhusiwa kuongea naye askari akiona bila kusikia.

Sasa kitu kinachoua watu wengi ni siku. Hukumu ikitoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 10, halafu rufaa yenyewe siku 45, na muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hauhesabiwi. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani notisi ni siku 30. Mfungwa anaweza kupitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza, haihitaji aje wakili na suti. Mkichelewa mnaomba kuongezewa muda, ila muwe na sababu ya maana, "tulikuwa tunatafuta hela" peke yake haitoshi.

Hesabu ya kifungo nayo ijueni. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30, ila mfungwa mwenye tabia njema anapunguziwa theluthi, kwa hiyo watu wanatumikia 20. Kifungo cha maisha hakina theluthi. Parole, yaani kutoka mapema kwa masharti, ni kwa mwenye kifungo cha miaka 4 na kuendelea aliyemaliza theluthi moja, na unyang'anyi wa silaha hauingii humo.

Kama ni kunyongwa, hapa naomba usome taratibu. Wazee wa Dodoma ukiwatajia Isanga wanawaza kitanzi moja kwa moja, na siwalaumu. Lakini mara ya mwisho Tanzania kunyonga mtu ilikuwa 1994. Na mwaka huohuo, hapahapa Dodoma, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kwenye kesi ya Mbushuu na mwenzake alisema adhabu ya kifo inapingana na katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, halafu ikasema hata hivyo katiba inairuhusu! Mimi hadi leo sijaielewa hiyo. Basi hukumu zinaendelea kutolewa na watu wanakaa wanasubiri, maana hanyongwi mtu bila Rais kusaini, na Magufuli mwaka 2017 alisema wazi yeye hawezi. Kinachowatesa ndugu zetu mle ni kusubiri kusikoisha.

Msamaha wa Rais upo, ibara ya 45 ya katiba. Tarehe 9 Desemba 2017 uwanja wa Jamhuri hapa mjini walitangazwa wafungwa 8,157, wakiwemo wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha waliokuwa na kifungo cha maisha, na hata waliohukumiwa kunyongwa 61. Sasa kila ikikaribia Aprili 26 au Desemba 9 wanaibuka vishoka kusema jina la ndugu yako "linaingizwa kwenye listi". Sisi tulimpa mmoja laki nne, kavaa vizuri, ana faili mkononi, kutwa yuko nje ya mahakama. Hakuna listi ya kulipia. Laki nne ile ingetosha nauli za shangazi miaka miwili.

Siku akitoka nenda na viatu na nguo, zile alizoingia nazo zitakuwa hazimtoshi.