Sonona bila vidonge: anza na hewa ya chumba, kisha ratiba

Kwanza kagua chumba anacholala mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Uchovu, kichwa kuuma na kichefuchefu vinavyopungua akitoka nje huenda vinatokana na sumu ya jiko, si sonona.

1. Toa jiko la mkaa ndani. Mkaa uliokolea hauonyeshi moshi, ila bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Beseni la maji kando ya jiko haliizuii, hata wanaoamini hivyo wakiwa wengi. Dawa ya mbu ya kuchoma na udi navyo visichomwe humo, tumieni chandarua.

2. Pitisha hewa. Dirisha moja halitoshi, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Fungua dirisha na mlango unaolitazama kwa dakika 15, asubuhi na alasiri. Majirani wakiwa wanawasha majiko, subiri moshi wao uishe.

3. Mapema baada ya kuamka, akae nje dakika 30. Hata mawingu yakitanda, mwanga wa nje kwa kawaida hupita luksi (kipimo cha mwanga) 1,000. Wa chumbani ni mia chache tu. Asilikodolee jua macho.

4. Sasa ratiba, na hapa ndipo kazi ilipo. Mwenye sonona hujilaza, akijilaza hukosa vinavyompa nafuu, kisha huzidi kujilaza. Akisubiri hamu, haiji. Kwa kawaida hufuata baada ya kutenda.

Wiki ya kwanza asibadilishe kitu. Aandike kila saa alifanya nini na moyo ulikuwaje, 0 hadi 10. Wiki ya pili achague mambo mawili kwa siku: moja la kufurahisha, moja la kumalizika, kama kufua shati moja. Kila jambo liwe na saa na mahali. "Nitafanya mazoezi" si mpango. "Saa 11 jioni natembea hadi dukani na dada" ni mpango. Likishindikana mara mbili, likate nusu. Wengi hukwama kwa kuanza na makubwa, kisha kushindwa kunawaongezea lawama.

Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ya ratiba hii. Akitaja kutaka kufa, wekeni ratiba kando: asibaki peke yake, ondoeni sumu ya panya na dawa za shamba, afikishwe hospitali siku hiyohiyo.