Somo: Matunzio ya Picha Mtandaoni Katika Darasa la Upigaji Picha

Somo hili nimeliandaa kwa ajili ya walimu wenzangu wa Dodoma na Singida wanaofundisha upigaji picha shuleni au katika vikundi vya vijana. Wengi wetu huyatumia matunzio ya mtandaoni kuonyesha kazi iliyokwisha kukamilika. Mimi naamini kwamba faida yake kubwa hupatikana mapema zaidi, pale mwanafunzi anapojifunza kuusoma uamuzi wa mpiga picha mwingine kabla ya kushika kamera.

Hatua ya kwanza ni maandalizi. Pakua picha chache nyumbani na uziweke kwenye flashi, kwa kuwa bando la mwalimu halipaswi kuteketea darasani. Anza na Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zinazoruhusiwa kutumiwa bure, ambako chini ya kila picha utaona mwenye kazi, leseni na, mara nyingi, jedwali la taarifa za kamera, yaani namba za mipangilio iliyotumika kupiga picha. Chagua picha zenye mwanga kama wetu: mashamba ya zabibu, mibuyu, miamba, mnada wa ng'ombe wakati wa jua kali.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha somo, nayo isiharakishwe. Onyesha picha bila namba zake, kisha uliza jua lilikuwa wapi, kivuli kimeangukia upande gani, na ni kitu gani kimeachwa kififie. Kila mwanafunzi aandike makadirio yake ya kipenyo cha lenzi (ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga), kasi ya shata (muda ambao kamera huuruhusu mwanga kuingia) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kipenyo huandikwa kwa f/, na namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Wape kanuni ya kuanzia: penye jua kali lisilo na mawingu, kwa f/16 na ISO 100, kasi huwa karibu 1/125 ya sekunde. Ikiwa jedwali litaonyesha f/4 kwa ISO ileile, watagundua wenyewe kwamba kasi imepanda hadi karibu 1/2000, kwa sababu kipenyo kimefunguliwa hatua nne (f/11, f/8, f/5.6, f/4) na kila hatua huongeza mwanga maradufu. Hapo ndipo swali lenye maana huzaliwa: kwa nini mpiga picha alikifungua kiasi hicho? Pengine alitaka kichala kimoja cha zabibu kionekane na shamba lote lililo nyuma yake lififie.

Hatua ya tatu ni kulinganisha picha za tukio moja. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni picha kadhaa ambazo mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange alimpiga mama mmoja na wanawe huko California mwaka 1936. Katika baadhi yake hema linaonekana, na katika ile iliyopata umaarufu wamebaki mama, mkono wake ukiwa shavuni, na watoto waliomwegemea. Waulize wanafunzi ni nini kimepotea na ni nini kimepatikana kwa kusogea karibu.

Baada ya hayo, fungueni matunzio ya darasa. Kila mwanafunzi achague picha tano tu, na chini ya kila moja aeleze kwa nini ameichagua hiyo na kuiacha inayofanana nayo. Akaunti ya bure ya Flickr, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha picha, hupokea picha 1,000; darasa la wanafunzi 40 litaijaza kwa mazoezi matano.

MASWALI YA WALIMU

Swali: Mwalimu, wanafunzi wangu hunitumia picha kwa WhatsApp, lakini taarifa za kamera sizioni. Tatizo ni nini?

Jibu: WhatsApp huipunguza picha na kuziondoa taarifa hizo. Waambie waitume kama hati.

Swali: Sisi tuna simu tu. Hatua ya pili itatufaa?

Jibu: Itawafaa, ndugu yangu. Simu nyingi zina kipenyo kisichobadilika, hivyo jadilini kasi na ISO pekee. Wakitaka mandhari ya nyuma yafifie, wakisogelee kitu wanachokipiga.

Swali: Je, ni halali kuweka sura za wanafunzi mtandaoni?

Jibu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, zima utambuzi wa mahali kwenye kamera, na uyafanye matunzio kuwa ya faragha. Kumbuka pia kwamba albamu inayofunguliwa kwa kiungo itafunguliwa na yeyote atakayekipata kiungo hicho.

Swali: Tunataka kuwapeleka wanafunzi Kolo wakapige picha za michoro ya miambani ya Kondoa. Tuanzie wapi?

Jibu: Mpitie kwanza ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo, kwa kuwa eneo hilo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Kabla ya safari, watazame picha za michoro hiyo mtandaoni na kutambua jinsi rangi nyekundu zilivyofifia. Michoro mingi iko chini ya miamba iliyoinama, penye kivuli, kwa hiyo wabebe stendi ya kamera yenye miguu mitatu na watumie kasi ndogo badala ya flashi ya kamera. Mtu yeyote asiguse wala kulowesha mwamba ili mchoro ukolee. Ukolezi huo utafanyika baadaye, kwenye kompyuta.