Foleni ya Nyumba ya Ushirika, Moshi na Arusha: Namna ya Kuilinda Nafasi Yako

Mtu aliyelelewa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa, upande wa Moshi anaujua ushirika kabla hajajua kusoma. Kahawa inapelekwa chama cha msingi, inapimwa, karani anaandika risiti, na familia inakaa kusubiri malipo ya pili. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilianzishwa 1933, na tangu zamani mkulima aliyepoteza risiti amepata taabu kudai hela yake. Ushirika wa nyumba, ambako wanachama huchangia na kupewa nyumba kwa zamu, una tabia ileile, ila kusubiri kwake ni kwa miaka, na katika miaka hiyo viongozi hubadilishwa, makarani huhama, simu hupotea. Ndiyo maana kuna watu waliojiunga mapema kabisa na bado wanakosa nyumba: zamu yao ilipofika, karatasi hazikuonyesha kwamba ni zamu yao.

Kabla hujatoa kiingilio

Omba kuona cheti cha usajili. Chama halali kimesajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, na cheti kina namba. Iandike hiyo namba, ukaiulizie kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa ambako chama kipo. Hapa watu huchanganya mambo. Kikundi kilichosajiliwa halmashauri si chama cha ushirika. Kampuni inayouza viwanja kwa awamu, hata ikiandika neno "ushirika" kwenye bango lake, si chama cha ushirika. SACCOS ni ushirika kweli, lakini kazi yake ni akiba na mikopo. Itakukopesha ukajenge mwenyewe.

Kisha omba masharti ya chama na ripoti ya mwisho ya ukaguzi. Kwenye ripoti, tazama mwaka kabla hujatazama maoni ya mkaguzi. Ripoti safi ya miaka minne iliyopita haikuambii fedha iko wapi leo. Uliza na kiwanja: hati ina jina la nani? Ukijibiwa kwamba ina jina la mwenyekiti, au la mzee aliyeuza na "tunamalizia kuhamisha", usilipe bado. Upekuzi kwenye ofisi ya ardhi una ada, lakini utakuonyesha jina la mmiliki na kama kiwanja kimewekwa rehani au kina zuio.

Foleni inasogeaje

Usiridhike na "utaitwa zamu yako ikifika". Fungua masharti utafute zamu inapangwaje. Kuna vyama vinavyofuata tarehe ya kujiunga tu, kuna vinavyofuata ukubwa wa akiba, na kuna vinavyochanganya: tarehe inatangulia, lakini anayeitwa ni yule aliyefikisha kiwango fulani cha akiba. Mtindo huu wa kuchanganya ndio unaoleta manung'uniko mengi. Namba 31 anaona namba 58 anakabidhiwa ufunguo, anaamini kuna mkono wa mtu. Inawezekana upo. Inawezekana pia 58 alifikisha kiwango na 31 alibakiza laki tatu.

Soma pia maana ya "mwanachama hai". Masharti yataeleza ni miezi mingapi ya kutochangia inayokuondoa kwenye uhai huo, na ukirudi unarudi kwenye namba yako au mwisho wa foleni. Hicho kipengele kisome mara mbili. Uliza kama orodha ni moja au ni mbili, ya vyumba viwili na ya vitatu, na kama kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunafuta tarehe yako ya awali.

Ukishajua hayo, piga hesabu. Tuchukue mfano: namba yako ni 140. Unauliza, unaambiwa kati ya walio mbele yako wanachama hai ni 90. Chama hujenga nyumba 24 kila miaka 3, na nyumba 2 kwa mwaka hurudi kutoka kwa wanaojitoa. Hizo ni nyumba 30 kila miaka 3, kwa hiyo hao 90 watakwisha baada ya miaka 9. Sasa uliza awamu ya mwisho ilikabidhiwa mwaka gani, na ile ya kabla yake. Pengo halisi kati ya hizo mbili ndilo la kuingiza kwenye hesabu, si lile lililoandikwa kwenye mpango. Kama walipanga miaka 3 ikawa 5, miaka yako 9 inakuwa kati ya 13 na 15, ukihesabu na nyumba zinazorudi. Ni afadhali kulijua hilo ukiwa bado hujalipa, maana mwenye watoto wa sekondari leo anaweza kuamua kutafuta njia nyingine.

Fedha inavyopotea

Malipo yana mafungu yake: kiingilio, ambacho kwa kawaida hakirudi, hisa, ambazo ni mali yako ndani ya chama, na akiba ya nyumba, inayokusogeza mbele. Kila fungu liwe na risiti yake. Risiti moja iliyoandikwa "michango 400,000" itakutesa siku mhasibu mpya atakapoamua kwamba yote ilikuwa hisa.

Lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la chama. Usitume kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mweka hazina mwenyewe, hata aseme foleni ya benki ni ndefu. Unapolipa kwa wakala, hakikisha namba yako ya uanachama inaingia kwenye maelezo ya muamala. Fedha ikiingia bila namba, chama kinaiona lakini hakijui ni ya nani. Inakaa pembeni, na wewe kwenye daftari unasomeka kwamba hujalipa.

Halafu kuna hesabu ambayo watu huiahirisha hadi siku ya ofa, yaani siku chama kinapokuita uchukue nyumba. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi 48,000,000 yenye sharti la akiba ya asilimia 20, yaani 9,600,000. Ukiweka 150,000 kwa mwezi utaifikisha kwa miezi 64, miaka 5 na miezi 4. Zinabaki 38,400,000. Ukizilipa kwa mkopo wa miaka 15 wenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayopigwa kwenye deni lililobaki, marejesho ni takriban 460,900 kwa mwezi. Riba ikiwa 15, ni takriban 537,400. Aliyezoea kutoa 150,000 hushtuka hapo, ofa inampita. Kama kipato kinaruhusu, anza mapema kuweka kiasi kinachokaribia marejesho hayo. Utafikisha kiwango haraka, na utakuwa umeshajipima kama unaweza kuishi bila hiyo fedha.

Faili lako

Nunua faili gumu la kufunga kwa kamba na daftari la kaunta. Kwenye daftari andika kila malipo: tarehe, kiasi, fungu, namba ya risiti. Risiti za mashine zile za karatasi laini hufifia. Ukiziweka ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye joto la kabatini, baada ya miezi kadhaa unabaki na kipande cheupe. Siku ileile toa fotokopi, andika kwa peni ya wino pembeni "akiba, Juni", na ubane risiti na nakala yake pamoja. Piga na picha uihifadhi kwenye barua pepe, maana simu huibiwa.

Kila barua unayopeleka ofisini iwe na nakala mbili. Moja inabaki kwao. Ya pili inagongwa muhuri wa "imepokelewa", inatiwa tarehe na saini, inarudi kwenye faili lako. Barua isiyo na muhuri huo ni sawa na mazungumzo.

Mara moja kwa mwaka, ikiwezekana wiki chache kabla ya mkutano mkuu, fika ofisini mwenyewe. Salimia vizuri, kisha sema waziwazi: "Shikamoo mama. Naomba unisomee namba yangu kwenye orodha na salio langu hadi leo, kisha unisaidie kunigongea muhuri hapa." Uwe umeshaandika karatasi yenye nafasi za kujaza namba na salio. Karani mwenye kazi nyingi hatakuandikia barua, lakini kujaza namba mbili na kugonga muhuri ni kazi ya dakika moja. Kama namba imerudi nyuma kutoka ya mwaka jana, umelijua mapema, na waliokuwepo bado wapo wa kueleza.

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA vinaanza na Elibariki, lakini benki wameandika jina la ukoo kwanza. Kwa miaka kumi hakuna atakayejali, hadi siku ya mkataba. Linganisha majina kwenye kadi ya uanachama, NIDA na akaunti ya benki sasa hivi. Tofauti ndogo huwa inamalizwa kwa kiapo mbele ya wakili, nakala ukaipeleka chamani igongwe muhuri.

Namba ya simu ikibadilika, peleka barua siku hiyohiyo. Acha namba mbili, ya pili iwe ya mtu asiyebadilisha laini hovyo. Ofa huwa na muda wa kujibu, na "nilipigiwa nikiwa safarini" haimrudishii mtu nyumba iliyokwenda kwa anayemfuata.

Mwanachama akifariki, au ndoa ikiingia kati

Jaza fomu ya mrithi mteule mapema na uisasishe kila jambo kubwa la familia linapotokea. Bila fomu hiyo wanaobaki wataanza kikao cha ukoo, muhtasari, Mahakama ya Mwanzo, uteuzi wa msimamizi wa mirathi, ndipo chama kizungumze nao. Wakati huo michango imesimama. Familia ifanye hili kwanza: ipeleke barua ya taarifa ya kifo na nakala ya cheti, iombe kwa maandishi nafasi isifutwe wakati mirathi inaendelea.

Kwa wanandoa, uliza kama uanachama unaweza kuandikwa kwa majina mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, lakini nafasi kwenye foleni bado si nyumba. Mjane ambaye jina lake halipo popote ana safari ndefu.

Ukirukwa

Andika kwa bodi, taja kipengele cha masharti, ambatisha nakala. Bodi ikikaa kimya, peleka hoja mkutano mkuu, kisha kwa Mrajis. Orodha ya wanachama na masharti ni vya kuonekana na mwanachama ofisini kwa saa za kazi. Ukinyimwa, kunyimwa huko nako kuandike.

Ofa ikifika

Soma tarehe ya mwisho kwanza. Soma pia ukikataa unapelekwa wapi: vyama vingine huruhusu kukataa mara moja bila kupoteza namba, vingine haviruhusu kabisa.

Kisha nenda ukaikague nyumba mchana, na ndoo. Ziba tundu la maji la bafuni kwa kitambaa, mwaga ndoo mbili, acha nusu saa, teremka uangalie dari ya chini. Kama jengo limekaa kwenye udongo mweusi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, tafuta nyufa za mshazari zinazoanzia kona za madirisha. Ufa unaopitisha sarafu ukingoni mwake si wa lipu tu. Fungua bomba la ghorofa ya juu asubuhi, watu wote wakiwa wanatumia. Upande wa Arusha uliza maji ni ya mamlaka au ya kisima cha chama, na kama yamepimwa floridi, maana maji ya huku ndiyo yanayoacha meno ya watoto na rangi ya kahawia. Uliza tozo ya mwezi ya mlinzi, taa za ngazi na pampu. Hiyo huilipi kwa hiari.

Hakikisha nyumba ina mita yake ya umeme ya LUKU. Mkishirikiana mita moja watatu, mtagombana kabla mwezi haujaisha, na kodi ya jengo inayokatwa humohumo tangu 2021 haitajulikana ni ya nani. Siku ya kukabidhiwa, andika kwenye fomu namba ya mita, usomaji wa mita ya maji, idadi ya funguo na kila kasoro uliyoiona, halafu fundi wa chama asaini chini ya kasoro hizo kabla wewe hujasaini kupokea.