Visiwa vya Ugiriki: angalia feri na upepo kwanza, kisiwa utachagua baadaye

Wengi wanaoniuliza kuhusu visiwa vya Ugiriki huwa washachagua kabla ya kuuliza, wanataka Santorini na Mykonos manake ndo picha walizoziona kwa simu, halafu ukiwasikiliza kidogo wanaongeza Corfu na Krete, na yote hayo wayamalize kwa wiki moja. Hapa Malindi swali hili ni la kila mwaka kwa sababu ya ndugu zetu walioko Italia, huyu yuko Milano, yule kaolewa Brescia, na Agosti ikifika kazi zinafungwa na kila mtu anatafuta bahari, na siku hizi wapo pia wa hapa hapa nyumbani wanaojikusanyia pesa polepole nao waende kutembea. Hiyo ni pesa ya jasho, na viza yenyewe haipatikani kirahisi, kwa hiyo nataka mtu akienda apate raha ya kweli, asimalize likizo akiburuta begi bandarini.

Kwanza ujue visiwa hivi haviko pamoja, vimegawanyika makundi na kila kundi lina upande wake na bandari yake. Cyclades ndo vile vya nyumba nyeupe, viko katikati ya bahari ya Aegean, humo mna Santorini, Mykonos, Naxos, Paros, Milos na wenzao. Dodecanese viko mashariki karibu kabisa na Uturuki, vikubwa vyake ni Rhodes na Kos. Ionian viko upande wa pili, wa Italia, yaani Corfu, Kefalonia, Zakynthos. Saronic viko jirani na Athens, Sporades juu kidogo, na Krete inajitegemea, kisiwa cha kama kilomita 260 kutoka ncha mpaka ncha. Sasa yule anayetaka Corfu na Santorini safari moja, hakuna feri ya kumtoa huku kumpeleka kule, bara la Ugiriki liko katikati, itabidi azunguke mpaka Athens na siku nzima ishakwenda.

Kwa hiyo kanuni yangu mimi ni hii, chagua kundi moja, halafu ndani ya hilo kundi chukua visiwa vilivyo kwenye njia moja ya feri. Wiki moja ni visiwa viwili, siku kumi vitatu, ukizidisha hapo unajichosha. Watu husahau kwamba kila ukihama siku imekatika, saa nne asubuhi ushatoa chumba, unakaa juani na mabegi kungoja meli, ukifika kisiwa cha pili chumba bado kinafagiliwa, bahari utaiona jioni.

Njia iliyo rahisi kuliko zote kwa mara ya kwanza ni ile inayotoka Piraeus, bandari ya Athens, inapita Paros, inapita Naxos, inaishia Santorini. Kwa meli kubwa ya polepole Paros ni kama masaa manne, Naxos masaa matano na kitu, Santorini karibu masaa manane. Zipo za mbio zinazopunguza muda lakini bei yake inapanda sana na bahari ikichafuka hizo ndo zinatingisha watu matumbo, mimi napendelea ile kubwa, unakaa nje juu unaona visiwa vinavyokuja. Piraeus yenyewe ni pana mno, ina mageti yameandikwa E1, E2 na kuendelea, na kutoka geti moja mpaka jingine inaweza kuwa mwendo mrefu, kwa hiyo soma tiketi yako imeandikwa geti gani kabla hujashuka kwenye treni na uwahi. Anayekwenda Mykonos aangalie pia Rafina, ni bandari ndogo zaidi na iko karibu na uwanja wa ndege wa Athens, haina haja ya kuingia mjini kabisa.

Na ujiandae kwa kushuka. Meli ikikaribia kisiwa watangazaji wanaita jina lake, abiria wote wanateremka kule chini kwenye magari, mmesimama na mabegi gizani katikati ya malori na pikipiki, mara mlango wa nyuma unaanza kushuka na meli bado inarudi kinyumenyume, mwanga unaingia, makelele ya minyororo, na mlango ukigusa gati tu watu wanatoka mbio wengine wanaingia, dakika chache imeondoka. Kama una watoto au mzee teremka mapema, usisubiri mpaka utangaziwe mara ya mwisho.

Sasa upepo, na hili ndo wengi hawaambiwi. Julai na Agosti Aegean inavuma upepo wa kutoka kaskazini unaitwa meltemi, mbingu safi haina hata wingu na huku bahari imejaa povu jeupe, unaweza kushika siku kadhaa mfululizo. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana, kusi likishika hapa tunajua nani anatoka na nani anafunga mashua. Kule feri za mbio ndo zinazosimamishwa kwanza, na upepo ukizidi mamlaka ya bandari inazuia hata zile kubwa. Kwa hiyo mambo mawili. La kwanza, usiku wa mwisho kabla ya ndege lala mji ule ule ndege inakotokea, usitoke kisiwani asubuhi ukitegemea kupanda ndege jioni. La pili, ukiwa Cyclades kiangazi tafuta malazi upande wa kusini au magharibi mwa kisiwa, ufukwe ulioelekea kaskazini utapigwa mchanga usoni. Visiwa vya Ionian meltemi haivifikii kwa nguvu hiyo, bahari imetulia zaidi na nchi ni ya kijani, anayeogopa mawimbi aende huko.

Na maji ni baridi jamani. Mtu aliyezoea kuoga bahari ya Malindi ataingia mwezi wa tano atoke mbio, Mei maji yako kama nyuzi 19 au 20, yanapata joto polepole mpaka Agosti na Septemba ndo yanafika 24, 25. Kwa hiyo kama una uhuru wa kuchagua mwezi nenda Septemba, maji yana joto, meltemi imepungua, bei zimeanza kushuka na watoto wa Ulaya wamerudi shule. Zuri lingine, bahari ile haina bamvua, maji kujaa na kupwa ni kidogo sana huwezi hata kugundua, unaoga saa yoyote upendayo. Lakini fukwe nyingi ni kokoto, beba viatu vya majini. Kuanzia Novemba visiwa vidogo hoteli zinafungwa na feri zinapungua, wakati huo ni Krete, Rhodes au Corfu ambako watu wanaishi mwaka mzima.

Nikiambiwa nichague kimoja tu cha kuanzia nasema Naxos, bila kusita. Ni kikubwa, kina mashamba yake, viazi vyake na jibini yake wanavisifu Ugiriki nzima, bei haijapaa kama ya jirani zake, na fukwe za Agios Prokopios mpaka Plaka ni mchanga mtupu unaopitiwa na basi kutoka mjini. Ukishuka bandarini tu unaliona lile lango kubwa la marumaru, Portara, lilikuwa la hekalu lililoanza kujengwa karne ya 6 kabla ya Kristo na halikumalizika, limesimama peke yake juu ya bahari na jioni watu wanapanda pale bure kuangalia jua. Kwa familia yenye watoto sijaona pa kupashinda. Paros iko chini ya saa moja kwa feri, kwa hiyo viwili hivyo vinaoana vizuri.

Santorini sikatazi, naomba tu uielewe. Ile ni ukingo wa mlima wa moto uliolipuka miaka kama 3,600 iliyopita, katikati pakatumbukia bahari ikaingia, ndo maana miji ya Fira na Oia imekaa juu ya jabali, na ukisimama pale mara ya kwanza kweli unanyamaza. Akrotiri kuna mji mzima uliofukiwa na jivu, umechimbuliwa na una paa, ingia. Lakini fukwe zake ni mchanga mweusi unaounguza miguu mchana, ngazi ni nyingi kwa mzee, na meli za kitalii zikishusha abiria vijia vya Oia havipitiki. Jua la jioni liangalie kutoka Imerovigli, kijiji cha juu ya jabali hilo hilo, ni lile lile na watu ni wachache. Februari 2025 matetemeko yalifululiza hapo mpaka maelfu ya watu wakaondoka kwa muda, kwa hiyo kabla ya kwenda soma habari. Kaa siku mbili, iweke mwisho wa njia, na urudi kwa ndege kutoka hapo hapo ukiweza. Mykonos ni ya disko na ya wenye pesa, kama si hayo unayoyafuata ipite.

Wa Italia nawaambia waanze na Ionian, manake njia iko wazi, feri za usiku kutoka Bari na Brindisi zinafika Igoumenitsa, bandari ya bara la Ugiriki, na hapo Corfu ni kama saa moja na nusu, kiangazi nyingine zinapita Corfu moja kwa moja na gari lako unalo. Mji wa zamani wa Corfu umejengwa na Wavenisi na uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2007. Zakynthos ina kasa, wale wanaotaga ghuba ya Laganas kuanzia Juni, na watu wa Watamu mtaelewa mara moja kwa nini usiku fukwe zile hazikanyagwi na taa hazimulikwi, ukienda heshimu vile ungetaka mgeni aheshimu kwetu. Ule ufukwe wa meli iliyopanda mwamba, Navagio, kushuka kumezuiwa miaka ya karibuni kwa sababu jabali linaporomoka, usilipie safari ukidhani utapiga picha mchangani. Agosti Ionian inajaa Waitaliano, na tarehe 15 ni sikukuu kubwa pande zote mbili, bila kubuku mapema hupati kitanda wala feri.

Krete ipe wiki yake yenyewe au usiiguse. Chania kwa mji wa kutembea, magofu ya Knossos kwa historia, bonde la Samaria kilomita 16 kwa wenye magoti mazima. Kisiwa cha Hydra nacho usikisahau, kiko kwenye kundi la Saronic karibu na Athens, kama masaa mawili hivi kwa boti ya mbio, hakuna magari wala pikipiki, mizigo inapanda kwa nyumbu na punda mitaani, na mtu wa Lamu hatauliza kwa nini.

Waislamu mnaniuliza sana chakula na msikiti. Rhodes na Kos wapo Waislamu wenyeji, wenye asili ya Kituruki, na pale Kos kijiji cha Platani nje kidogo ya mji kuna migahawa yao. Kwingine usitegemee kupata msikiti, utasali chumbani. Gyros, nyama ya kukatwakatwa ndani ya mkate, na souvlaki, yaani mishikaki, nyingi ni nguruwe, wenyewe wanamwita hirino, uliza kotopoulo ambaye ni kuku, ingawa halali ya kuchinjwa hutaipata visiwa vidogo, hapo kimbilia samaki, pweza wa kuchoma, maharage, mbogamboga za kujazwa wali. Na samaki kwa mikahawa mingi anauzwa kwa kilo, mwambie akuonyeshe samaki mwenyewe na ampime mbele yako kabla hajaingia motoni.

Makaratasi sasa. Wa Kenya ni viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ubalozi wa Ugiriki uko Nairobi, ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima isipungue yuro 30,000, na unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla. Kama unapita Italia na Ugiriki safari moja, omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Angalia pia viza yako ni ya kuingia mara moja au nyingi, manake kutoka Kos, Rhodes, Samos na Chios kuna boti za kwenda Uturuki kutembea siku moja, zinavutia kwa bei, lakini ukivuka umetoka Schengen na kama ni ya mara moja hurudi. Wa Italia wenye permesso di soggiorno, kile kibali cha kuishi, hawahitaji viza nyingine, kadi na pasipoti vinatosha, lakini ile risiti ya kurinyuu haikuruhusu kwenda Ugiriki, subiri kadi itoke.

Kubuku anza na ndege, halafu feri, malazi mwisho, na malazi uchukue yanayokubali kughairi bila kukatwa. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba kuna kodi ya kila usiku kwa chumba, yuro 2 kwa hoteli ya nyota moja mpaka yuro 15 ya nyota tano, mara nyingi unalipa ukifika na haimo kwenye bei uliyoiona onlaini. Anayetaka kukodi skuta awe na leseni inayoruhusu pikipiki, na ya Kenya iambatane na ile ya kimataifa, la sivyo ukianguka bima haikujui, na basi za visiwa vikubwa ni nzuri tu. Simu yako iache ipokee tahadhari za 112, namba ya dharura, kiangazi kuna moto wa misitu, Rhodes 2023 walihamishwa watu maelfu, na ujumbe ukiingia unasema ondokeni mwelekeo fulani, ondoka saa hiyo hiyo, mabegi utayafuata baadaye.