Kukagua midomo ya chupa kwa modeli ya picha iliyokwisha kufunzwa

Modeli, yaani programu ya akili bandia inayosoma picha, iliyofunzwa kwa ImageNet, mkusanyo mkubwa wa picha za vitu vya kila aina, imeona mbwa, magari na vikombe, si midomo ya chupa za soda. Hata hivyo inatambua kingo, mng'ao na umbile, na hapo pana pa kuanzia. Nachukua mfano wa chupa za kurudishwa kiwandani, kwa kuwa iliyomeguka mdomo ikipita, anayeumia ni mnywaji.

1. Mwanga kwanza. Kamera iangalie kutoka juu, taa ya duara ikiizunguka lenzi. Mdomo utang'aa kama pete, na palipomeguka patavunja mng'ao huo. Zuia jua la dirishani. Laini ya chupa 36,000 kwa saa hupitisha 10 kila sekunde. Zikiachana sentimita 8, chupa inakwenda milimita 800 kwa sekunde. Kamera ifumbue kwa sehemu moja ya 10,000 ya sekunde, la sivyo picha itakuwa na ukungu.

2. Kata picha. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Modeli nyingi za aina hii hupokea pikseli 224 kwa 224. Ukiipa eneo la milimita 120, pikseli moja inabeba zaidi ya nusu milimita, na mmeguko wa ukubwa huo unapotea kabisa. Mdomo wa chupa ya kizibo cha bati una kipenyo cha milimita 26 hivi. Kata mraba wa milimita 30 kuuzunguka, na mmeguko uleule utachukua pikseli karibu 4. Piga hesabu hii kabla ya kununua kamera.

3. Kusanya chupa nzima tu. Mbovu ni chache na hazifanani. MVTec AD, mkusanyo wa picha za kujaribia ukaguzi wa kasoro uliotolewa 2019, una chupa zilizopigwa hivihivi kutoka juu, picha 209 za kufunzia, zote nzima. Ufanyie mazoezi, leseni yake hairuhusu biashara. Zako zitoke zamu zote na kalibu zote, zikiwemo zenye matone ya mashine ya kuoshea. Ukiyaacha matone nje, kila tone litahesabiwa kasoro.

4. Endesha PatchCore, njia ya kutafuta kasoro kwenye picha. Imo ndani ya Anomalib, maktaba huria ya programu. Modeli yenyewe haibadilishwi: sifa za vipande vya chupa nzima huwekwa kwenye kumbukumbu, na chupa mpya hupewa alama kwa kipande chake kilicho mbali zaidi nazo. Una milisekunde 100 kwa chupa. Mwendo ukikushinda, punguza kumbukumbu.

5. Weka kizingiti, yaani alama ambayo chupa ikiivuka inakataliwa. Sasa mbovu zinahitajika. Waombe wakaguzi wakuwekee kila wanayoikataa, uzipime zote, kisha kizingiti kikae chini ya alama ya ile iliyopata ndogo kuliko zote. Chupa nzima kadhaa zitatupwa. Ni gharama, nami naikubali: upande wa pili ni kinywa kilichochanika.

Usiunganishe mkono wa kutoa chupa mpaka mfumo umefanya kazi sambamba na wakaguzi zamu zote. Ukishaunganisha, kila zamu ianze kwa kupitisha chupa zilizomeguka zenye alama ya rangi ubavuni. Ikipita hata moja, laini isimame.