SOMO: Kuzuru Mombasa, na mambo ya maji kupwa na kujaa

Kila likizo ikikaribia naulizwa yale yale. Nayaandika hapa mara moja, someni kabla ya kuuliza.

1. Treni ya Madaraka, ile ya kutoka Nairobi, inakushusha Miritini, bara. Kisiwani unaenda kwa matatu.

2. Mji wa Kale utembee kwa miguu, asubuhi, jua halijakolea. Vaa nguo za stara. Mle wanaishi watu, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au mlango wake.

3. Fort Jesus, ngome ya kale: beba kitambulisho, kiingilio cha raia ni nafuu. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596. Panda ukutani upande wa bahari, utaona kwa nini walichagua pale: hakuna chombo kingeingia bandari ya kale bila kupita mbele ya mizinga.

4. Kwenda Diani, ufuo wa kusini, vuka feri ya Likoni. Wa miguu hawalipi.

5. Ufuo. Hapa tulieni. Maji yakipwa, mwamba ulio mbele ya ufuo hubaki mkavu na wageni hutembea hadi kule mawimbi yanakopasukia. Hatari iko wakati wa kurudi. Kati ya mwamba na mchanga pana bonde, na maji yakianza kujaa hulijaza hilo kwanza, nyuma ya mgongo wako, wewe ukiwa bado unatazama samaki kwenye vidimbwi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Toka nayo yakiwa bado yanapwa, geuka kabla hayajaanza kujaa. Muulize mvuvi saa, usikisie. Vaa viatu, kuna viumbe wenye miiba. Na mtoto asiende bila mtu mzima wa kumshika mkono.

MASWALI

Mgeni wa Bara: Treni inafika Fort Jesus?
Jibu: Namba 1.

Mgeni wa Bara: Nauliza tu, mbona ukali? Na saa za maji kupwa ni zile zile kila siku?
Jibu: Si ukali, ndugu yangu, jibu liko juu. Hili la pili ni swali zuri. Hapana, huchelewa kama dakika 50 kila siku. Saa za jana usizitumie leo.

Mama Wawili: Shikamoo. Ngome ina nini cha kuwaonyesha watoto zaidi ya kuta?
Jibu: Marahaba, mama. Kuna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome 1697, ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa. Waomani waliizingira ngome tangu 1696 wakaitwaa 1698. Waanzishe watoto kwa hiyo meli, kisha wapeleke ukutani waone ilipozama. Baadaye Waingereza waliifanya ngome gereza.

Mpenda Magofu: Ongezeni Jumba la Mtwana, magofu karibu na Mtwapa. Misikiti na nyumba za mawe, bahari hapo hapo.
Jibu: Ahsante, nilisahau. Kapaone, pana kivuli kizuri cha mibuyu. Ukirudi mjini jioni, kula viazi karai na ukwaju.